Kutoka udongoni hadi sufuriani: jinsi ya kuzuia metali nzito kwenye mboga na mazao

Fungu moja la mchicha linaweza kubeba metali nzito, au madini tembo kama wengi wanavyoyaita, kwa njia mbili, na njia hizo hazina dawa moja. Ya kwanza ni ya nje: vumbi lililotua juu ya jani, na tope linaloruka mvua inapopiga ardhi tupu. Ya pili ni ya ndani: mzizi umenyonya maji ya udongoni pamoja na kilichoyeyuka humo, na sasa kiko ndani ya jani lenyewe. Uchafu wa nje hutoka kwa kuosha. Wa ndani hautoki hata ukiosha mara kumi, na moto hausaidii, kwa sababu metali haiungui wala haiozi.

Mkulima asiyejua anapambana na njia ipi hupoteza nguvu na fedha bure. Anamwaga chokaa shambani kumbe tatizo ni vumbi la barabara, au anaosha kwa bidii mboga ambayo sumu yake ilipandia mizizini. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: metali gani, na imepita wapi?

Kila metali na tabia yake

Risasi (lead), metali ya kwenye betri za magari, ni nzito kuhama. Ikishafika udongoni hushikamana na mfinyanzi na mboji, ikabaki kwenye sentimita chache za juu kwa miaka mingi sana. Mizizi hainyonyi nyingi, na inayonyonywa hubaki zaidi mizizini kuliko kupanda majani. Ndiyo maana risasi inayokutwa kwenye mboga za majani mara nyingi ni ya vumbi na tope, na ndiyo maana karoti au kiazi chenye udongo kwenye ganda ni hatari kuliko nyanya iliyoning'inia juu.

Kadimi (cadmium) ni kinyume chake. Inafanana na zinki, ambayo mmea unaihitaji, hivyo mzizi unaipokea kwa mlango uleule na kuipandisha hadi majani. Udongo wenye tindikali, yaani pH chini ya 6 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi), huiachia kirahisi. Udongo wenye upungufu wa zinki huizidisha, na maji ya chumvi huizidisha pia, maana kloridi iliyomo kwenye chumvi hushikana nayo na kuifanya isafiri. Mmea hauonyeshi dalili yoyote: mchicha unanawiri, jani ni pana na la kijani, na kadimi imo. Kwa mlaji hujikusanya kwenye figo na kukaa humo miongo mizima. Japani, katika bonde la mto Jinzu mkoani Toyama, maji ya mgodi yaliingiza kadimi kwenye majaruba ya mpunga, na wanawake wazee wakapata figo mbovu na mifupa laini inayovunjika kwa maumivu makali. Serikali iliutambua rasmi ugonjwa huo mwaka 1968 kuwa umetokana na uchafuzi.

Aseniki (arsenic) husubiri maji. Kwenye shamba kavu hushikwa na kutu ya chuma iliyomo udongoni. Jaruba likifurika na hewa ikaisha, kutu hiyo huyeyuka na kuiachia aseniki, na mpunga hunyonya vizuri kuliko nafaka nyingine zote. Zebaki nayo hupenda kuja kwa hewa. Palipo na mialo ya kuchenjulia dhahabu, moshi wa kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu hutua juu ya majani na kunyonywa na jani lenyewe. Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, yaliyomwagwa karibu na jaruba au bwawa ni hatari ya pili, kwa sababu kwenye tope lisilo na hewa zebaki hugeuka kuwa ya aina mbaya zaidi, ile inayojikusanya kwenye samaki na hata kwenye punje za mpunga.

Shaba na zinki zina sura nyingine. Zikizidi, mmea wenyewe hudumaa kabla hujaula. Shamba la kahawa lililopuliziwa mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miaka thelathini, likang'olewa na kupandwa mboga, linaweza kutoa miche ya njano isiyokua, na watu wakadhani ni ukosefu wa mbolea.

Hatua ya kwanza: chimba historia ya kiwanja

Kabla ya kulipa hata shilingi moja maabara, uliza waliokaa hapo muda mrefu. Historia itakuambia upime nini, na hilo litakuokoa gharama, kwa kuwa kila metali unayoongeza kwenye orodha inaongeza bei.

Pakiwa palivunjwa betri za magari au palikuwa na gereji, tafuta risasi kwanza. Pakiwa panachomwa nyaya ili kupata shaba, au vifaa vya umeme, tafuta risasi, kadimi na shaba. Kiwanda cha ngozi huacha kromi. Karakana ya kupaka vyuma rangi ya kung'aa huacha kromi, nikeli na kadimi. Josho la zamani la ng'ombe, la kabla ya miaka ya 1950, linaweza kuwa lilitumia dawa ya aseniki, na aseniki hiyo bado ipo kuzunguka shimo na pale ng'ombe waliposimama kuchuruzika. Nguzo za miti za umeme zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki: unga wake wa msumeno usiweke kwenye mboji, na majivu yake yasifike bustanini hata koleo moja. Nyumba ya zamani inayobanduka rangi huangusha risasi kwenye mita chache za kwanza kutoka ukutani. Kando ya barabara kuu ipo risasi ya enzi za petroli ya zamani iliyotiwa risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia Januari 2006, lakini kilichotua udongoni kabla ya hapo hakijaenda popote.

Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ni mfano ambao kila mtu anayelima karibu na karakana za betri anapaswa kuujua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kiwanda kilifungwa, ila udongo ulibaki na risasi yake. Kufunga chanzo hakusafishi ardhi.

Halafu angalia maji. Mabonde ya mijini, kama Msimbazi Dar es Salaam, mto Nairobi na mtaro wa Nakivubo Kampala, hupokea maji ya viwanda, gereji na mitaro ya mitaa, na kandokando yake ndipo mboga za mji hulimwa. Lubumbashi na Likasi huko Kongo wana yao: vumbi la viyeyushi na migodi ya shaba na kobalti, linalotua juu ya bustani wakati wa kiangazi.

Mbolea ya fosfati nayo ina kadimi kidogo, na watu huiogopa kupita kiasi. Hebu tupige hesabu. Mifuko miwili ya DAP ya kilo 50 kwa hekta ina kilo 46 za fosfati kwa kipimo cha P2O5. Hata kama mbolea hiyo imefika kwenye kikomo cha Umoja wa Ulaya, miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya P2O5, unaongeza gramu 2.76 kwa hekta kwa mwaka. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa takriban kilo milioni 2, hivyo nyongeza hiyo ni kama miligramu 0.0014 kwa kilo. Ni kidogo. Mkulima mdogo asinyime mahindi yake mbolea kwa hofu hiyo. Aangalie kwanza maji anayomwagilia.

Hatua ya pili: chukua sampuli bila kuichafua

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Vifaa: ndoo ya plastiki iliyooshwa, koleo dogo la chuma kisichoshika kutu au kijiti kigumu cha mti, mifuko mipya ya plastiki na kalamu isiyofutika. Usitumie ndoo ya bati: ina zinki juu yake, na baadhi ya bati zina kadimi. Usitumie koleo lililopakwa rangi.

Gawanya shamba kwa tofauti unazoziona. Upande wa barabara, kando ya mtaro, chini ya ukuta, na katikati, kila mmoja uwe na sampuli yake. Ukichanganya yote, sehemu safi itaficha sehemu chafu na utapata wastani usiosema lolote. Ndani ya kila kipande tembea kwa kona-kona na chota mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 15, kiasi kilekile kila mara. Changanya ndoo nzima, mwaga juu ya karatasi safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia mpaka ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini, si juani juu ya bati. Andika tarehe, kipande na kina.

Pale unaposhuku vumbi la risasi, chukua sampuli ya pili ya sentimita 2 za juu tu. Hiyo ndiyo inayoruka kwenye majani na kushika mikono ya watoto.

Sasa kipimo ambacho wengi hawakijui, nacho ni rahisi kuliko vyote. Vuna kilo moja ya mboga kutoka tuta moja, siku moja. Igawe mara mbili. Nusu ya kwanza ipeleke kama ilivyo. Nusu ya pili ioshe kwa maji safi matatu, jani moja moja, ukipangusa mgongo wa jani na pale kikonyo kinapoungana na shina, maana hapo ndipo mchanga hujificha, kisha ikung'ute. Mwambie wa maabara wasioshe wao chochote. Tuseme majibu ya risasi yanarudi miligramu 1.2 kwa kilo kwa isiyooshwa na 0.3 kwa iliyooshwa: robo tatu ya risasi ilikuwa nje, na shida yako ni vumbi na tope. Zikirudi 0.5 na 0.45, imepita mizizini na kuosha hakutakuokoa. Kwa gharama ya sampuli mbili umejua ufanye nini mwaka mzima.

Maji yachukue kwenye chupa ya lita moja, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujaza, na uiwahishe maabara siku hiyohiyo ili waitie asidi, la sivyo metali hushika kuta za chupa na majibu yanatoka mazuri kwa uongo.

Tanzania, uliza Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kenya, uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kabete. Kabla ya kupeleka, uliza mambo matatu: wanapima metali zipi, kiwango cha chini kabisa wanachoweza kukiona ni kipi, na majibu yatatolewa kwa uzito mkavu au mbichi. Chombo kinachoanza kuona kadimi kwenye miligramu 1 kwa kilo hakifai kupima mchicha, hata kama bei yake ni nafuu.

Hatua ya tatu: soma majibu kwa usahihi

Anza na pH, kabla ya metali yoyote. Kadimi miligramu 1 kwa kilo kwenye udongo wa pH 5 ni tatizo kubwa kuliko 2 kwenye udongo wa pH 7.

Udongo usiochafuliwa kwa kawaida huwa na risasi kati ya 10 na 50, kadimi chini ya 1, na aseniki kama 5 hadi 10, zote miligramu kwa kilo. Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari cha risasi kwenye viwanja vya makazi kutoka 400 hadi 200 Januari 2024. Udongo wako ukizidi 200, usilime hapo mboga za majani wala za mizizi, na watoto wasichezee hapo.

Vikomo vya chakula vya Codex, chombo cha viwango vya chakula cha FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO (shirika la afya duniani), kwa miligramu kwa kilo ya uzito mbichi: mboga za majani, risasi 0.3 na kadimi 0.2; mizizi na viazi, 0.1 kwa kila moja. Mboga za matunda kama bilinganya, 0.05 kwa kila moja. Mchele uliokobolewa, kadimi 0.4 na aseniki ya madini (inorganic, ile yenye sumu zaidi) 0.2.

Kosa linalojirudia hadi kwenye magazeti ni kulinganisha uzito mkavu na kikomo cha uzito mbichi. Maabara hukausha mboga kabla ya kupima. Mchicha una maji kama asilimia 90, kwa hiyo gawa kwa kumi: risasi 2.4 kwa uzito mkavu ni takriban 0.24 kwa mbichi, chini ya kikomo. Asiyejua atapiga kelele kwamba imezidi mara nane. Na kinyume chake hutokea pia: mtu anasoma 0.9 mbichi akidhani ni kavu, anapumua.

Ila kuwa chini ya kikomo si ruhusa ya kula bila hesabu. Wataalamu wa FAO na WHO wanaweka kikomo cha kadimi kuwa mikrogramu 25 (mikrogramu ni sehemu ya elfu ya miligramu) kwa kila kilo ya mwili kwa mwezi. Mtu wa kilo 60 anapata mikrogramu 50 kwa siku, kutoka vyakula vyote. Gramu 250 za mchicha mbichi uliofika kikomo cha 0.2 zinamaliza zote 50. Mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya 12.5 tu, na gramu 100 za mchicha huo zina 20. Nyumba inayokula mboga za majani kila siku, mchana na jioni, inapaswa kutafuta mboga iliyo chini kabisa ya kikomo.

Kwenye maji ya kumwagilia kuna mtego mwingine. Mwongozo wa FAO unaonukuliwa sana unaweka risasi miligramu 5 kwa lita. Namba hiyo inalinda ukuaji wa mmea, mlaji hakufikiriwa. Maji ya kunywa yana kikomo cha WHO cha 0.01. Mtu akikuonyesha cheti kwamba maji ya mto yako ndani ya mwongozo wa umwagiliaji, muulize risasi ni kiasi gani hasa.

Hatua ya nne: badili zao kabla ya kubadili udongo

Hii ndiyo hatua ya bei rahisi na yenye matokeo ya haraka. Kwa kadimi, majani hushika zaidi: mchicha, spinachi, saladi, chainizi, sukuma wiki, matembele. Mizizi hufuata. Matunda na mbegu nyingi hushika kidogo: nyanya, bilinganya, bamia, pilipili, maharage, mahindi. Alizeti inavunja utaratibu huo, kwani hupeleka kadimi hadi kwenye mbegu. Tumbaku nayo hunyonya sana, na mvutaji huivuta moja kwa moja mapafuni.

Kwa risasi, ogopa chochote kinachogusa udongo: karoti, viazi, muhogo, na mboga fupi zinazokaa sentimita kumi juu ya ardhi. Panda vinavyopanda juu: nyanya kwenye miti, maharage yanayopanda kwenye fito, papai, ndizi.

Palipo na moshi wa zebaki, majani yoyote ni makosa. Hata kisamvu, ambacho watu hukiamini kwa kuwa ni mti.

Hatua ya tano: funga njia

Ikiwa kipimo cha kuosha kimeonyesha vumbi, tandaza nyasi kavu au majani ya migomba unene wa sentimita 5 hadi 7 mara tu miche inaposhika. Mwagilia chini ya shina, usinyunyize juu. Panda ua mnene upande wa barabara, matete au mabingobingo, na usiyakate kulisha ng'ombe wa maziwa.

Ikiwa ni kadimi na pH iko chini ya 6, weka chokaa ya kilimo hadi ifike 6.5. Udongo wa kichanga unahitaji kama gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, wa mfinyanzi 300 hadi 500. Gramu 100 kwa mita ni sawa na tani moja kwa hekta. Ichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 15, wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Chokaa iliyorushwa juu na kuachwa haifanyi kazi chini ilipo mizizi. Usitumie chokaa ya moto inayochemka ikiguswa na maji. Inaunguza mikono na kuua vijidudu vya udongo. Pima pH tena baada ya misimu miwili, maana itashuka. Ukipitiliza 7.5 utaona majani machanga yakiwa manjano na mishipa ya kijani: ni chuma na zinki vimefungwa, na hapo umejitengenezea tatizo jipya.

Ongeza mboji iliyoiva kilo 2 hadi 4 kwa mita ya mraba kila mwaka. Inashika risasi na kadimi, na inapunguza vumbi. Mboji isitokane na taka za mji zilizochanganyika na betri za tochi na vipande vya vyuma, la sivyo unaleta sumu kwa toroli.

Kipimo kikionyesha upungufu wa zinki, gramu 2 hadi 2.5 za zinki salfeti kwa mita ya mraba humpa mzizi kile anachokitafuta, naye huacha kubeba kadimi nyingi. Usiweke bila kipimo.

Fosfati hufunga risasi kwa kuigeuza kuwa jiwe gumu lisiloyeyuka. Lakini palipo na aseniki usiitumie ovyo, kwa sababu fosfati huichomoa aseniki pale iliposhika. Chokaa nayo haifai kwa aseniki. Ndiyo sababu ya kupima kabla ya kutibu: dawa ya metali moja ni kichocheo cha nyingine.

Maji machafu yasipokuwa na mbadala, chimba shimo, yatulie saa 24, chota juu tu. Hii huondoa metali zilizoshikana na chembe za tope, si zilizoyeyuka. Tope la chini ya shimo lisirudi kwenye tuta kwa kisingizio cha rutuba.

Udongo ukiwa mbaya mno, jenga tuta la juu: kitambaa kinachopitisha maji chini, sentimita 30 za udongo safi juu. Au tumia viroba. Kuta za tuta zisiwe za nguzo zilizotiwa dawa au mbao zenye rangi ya zamani.

Kwa mpunga palipo na aseniki, acha kufurisha muda wote. Zika bomba la plastiki lenye matundu, urefu wa sentimita 30, nusu yake ikiwa ardhini. Maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, jaza tena hadi sentimita 5 juu. Wakati wa kuchanua usikaushe, mavuno yatashuka. Na kama udongo wako una kadimi, njia hii itaipandisha, maana kadimi huachiliwa udongo unapokauka.

Kuhusu alizeti kusafisha udongo

Kuna wanaouza wazo kwamba ukipanda alizeti au haradali msimu mmoja, udongo umepona. Fanya hesabu mwenyewe. Hekta yenye kadimi miligramu 1 kwa kilo ina takriban kilo 2 za kadimi kwenye sentimita 15 za juu. Zao la tani 10 za majani makavu lenye kadimi miligramu 1 kwa kilo linaondoa gramu 10. Kwa mwendo huo ni miaka 200. Hata mmea unaonyonya mara kumi zaidi unahitaji miaka 20, na bado una lundo la majani yenye sumu ambayo huwezi kuyalisha, kuyachoma wala kuyafanya mboji.

Jikoni

Chambua kwanza, katakata baadaye. Osha majani yakiwa mazima kwenye maji matatu, ukiyainua kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji na majani pamoja, kwa sababu mchanga uliotua chini utarudi juu yake. Menya karoti, viazi na muhogo. Osha kabla ya kumenya ili kisu kisipeleke udongo ndani. Majani ya nje ya kabichi tupa.

Mchele unaoshukiwa aseniki upike kwa maji mengi, sehemu sita kwa moja, kisha mwaga maji ya ziada. Hupunguza aseniki kwa kiasi kikubwa, huweza kufika nusu, ilimradi maji yenyewe ni safi.

Usisahau vitu viwili visivyotoka shambani kwako. Sufuria za kusubu zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi, hasa ukipikia nyanya, ndimu au ukwaju. Na udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito kwa jina la pemba au odowa, unaweza kuwa na risasi na aseniki. Hapo hakuna mmea wa kuchuja, mama anakula udongo wenyewe. Hamu hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, na mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya risasi na kadimi zaidi. Apimwe damu, apewe vidonge vya chuma.

Watoto hunyonya karibu nusu ya risasi wanayoimeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi. Viatu vya shamba vibaki nje ya mlango, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kama udongo wa nyumbani umezidi kiwango, wapeleke wapimwe risasi kwenye damu: kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita), WHO inataka chanzo kitafutwe na kuondolewa, na kwa mtoto aliyefika 45 matibabu ya kuitoa mwilini huanza. Omba damu ya mshipa. Damu ya kidole huchanganyika na vumbi la ngozi, na mtoto aliyetoka kucheza bustanini ataonekana ana risasi ambayo kwa kweli iko kwenye kidole chake.